Masikio yanalia, miguu inawaka moto: wenye hali hii tupeane uzoefu

Mama Cherehani, Tandika

Habari zenu ndugu zangu. Naandika saa nane na nusu usiku maana ndo muda wangu huu, nyumba nzima imelala, mimi nimekaa kitandani miguu nimeitoa nje ya shuka kwa sababu hata shuka ikigusa vidole naona kama nimemwagiwa chai ya moto, na sikio la kushoto linalia. Ni mlio kama wa nyenje kule kijijini, anaanza mmoja halafu mti mzima unaitikia, na hawanyamazi. Huu ni mwaka wa tatu.

Nina sukari tangu 2012. Miguu ilianza na ganzi kwenye vidole gumba, nikasema labda ni pedali ya cherehani maana nashona tangu niko binti. Baadae ganzi ikapanda mpaka kwenye kifundo alafu ikageuka moto, mchana inatulia kidogo, usiku inaamka. Siku niliyojua hili jambo sio dogo nilikua nimeshuka daladala hapa hapa Tandika, nimeshatembea kama hatua kumi nasikia konda anaita "mama, mama, ndala yako!" Nageuka naiona ndala imebaki kwenye ngazi ya gari. Nilikua natembea peku kwenye lami ya saa saba mchana na sijui. Nilisimama pale naangalia unyayo wangu kama naangalia wa mtu mwingine.

Mlio ulikuja baadae, na maumivu ya sikio yakafuata, yanachoma kwa ndani yanashuka mpaka kwenye taya, nikitafuna mhogo ndo balaa. Sasa sikilizeni nilivyokosea, ndo hasa kilichonifanya nifungue huu uzi. Miguu nilikua naipeleka kliniki ya sukari. Sikio nalipeleka zahanati ya mtaani, napewa dawa ya matone na antibayotiki, nikirudi napewa nyingine. Miaka miwili yote hiyo. Kule kliniki sikuwahi kutaja sikio, nilijua wale kazi yao sukari tu, na zahanati sikutaja miguu, nani anataja miguu akienda kutibiwa sikio?

Mpaka binti yangu akasema mama hebu andika kila kitu kwenye karatasi moja. Nikaandika kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha, na dawa zote ninazomeza na nimeanza lini. Nikaenda nayo kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yule baba akaisoma yote, akamulika sikio akasema ngoma ya sikio nzima, usaha hakuna. Akaweka vidole vyake mbele ya masikio yangu akaniambia fungua mdomo, funga, fungua. Upande wa kushoto ukalia ko! na mimi nikaruka kwenye kiti. Kumbe kinachouma ni kiungo cha taya. Akanieleza kwamba sikio linapata hisia kwenye mishipa ya fahamu kadhaa, na mishipa hiyo hiyo inaenda kwenye taya, meno, koo na shingo, kwa hiyo kidonda kiko kule ila ubongo unasoma sikio. Akauliza kama nasaga meno usingizini. Binti yangu akajibu kabla yangu, akasema anasaga mpaka chumba cha pili tunasikia. Yaani miguu ikiniwaka usiku mimi nakaza meno, taya linachoka, sikio linalipa.

Alafu akaona kwenye karatasi metformini, dawa yangu ya sukari, tangu 2013. Akasema kapime vitamini B12, maana hiyo dawa ukiitumia miaka mingi inaweza kuishusha, na ikishuka neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, zinaumia, kuna watu wanaambiwa ni sukari peke yake kumbe na B12 imo. Ya kwangu ilikua chini. Akanikataza pia nisije nikaacha metformini kwa kusikia hivyo, dawa inaendelea, kinachopungua ndo kinaongezwa. Nachomwa sindano, huu ni mwezi wa saba tangu nianze. Moto umepungua kama nusu, taya limetulia baada ya kutengenezewa kile kiplastiki cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala. Mlio upo. Sitaki kumdanganya mtu hapa, mlio upo. Nilipimwa usikivu wakakuta sauti nyembamba sizipati vizuri, nikaelezwa kwamba ubongo ukikosa sauti fulani kutoka sikioni unajiongezea volyumu wenyewe, ndo tunasikia kitu ambacho nje hakipo.

Karibuni wenye hali hii. Mlianzaje, nini kimewasaidia, na usiku mnaupitishaje?

Fundi Randa

Pole sana mama. Mimi seremala, niko Keko mwaka wa ishirini na mbili huu, randa na msumeno wa mashine kutwa nzima, anayeijua Keko anaijua ile kelele. Mlio wangu ni firimbi, masikio yote mawili. Mashine ikiwa inanguruma siusikii, nikizima jioni ndo unaingia, kwa hiyo miaka mingi nilidhani ni uchovu tu.

Miguu sasa. Sukari sina, nimepima mara tatu. Siku moja navua buti nakuta soksi imeloa damu, msumari umepita soli umezama kwenye unyayo na nimetembea nao sijui tangu saa ngapi. Nilikaa chini na buti mkononi, mke wangu akaanza kulia. Daktari alivyomaliza kusafisha kidonda hakuuliza habari za msumari, aliniuliza nakunywa kiasi gani. Nilikua nakunywa kila siku, tangu enzi za viroba, ile pombe kali ya pakiti, na vilivyopigwa marufuku 2017 nikahamia kwenye chupa. Akasema pombe inaunguza neva yenyewe na tena inaufanya mwili ukose vitamini B1. Nimeacha, mwaka na miezi nane. Ganzi ilikua imefika katikati ya ugoko, imesimama hapo hapo, kurudi imerudi kidogo sana lakini haijapanda tena na mimi kwangu hiyo ni kubwa.

Kelele siwezi kuziacha maana ndo ugali wa watoto. Ila vijana wote wa kwangu wanavaa vile vya kufunika masikio kama hedifoni, asiyevaa hawashi mashine. Mimi hakuna aliyeniambia nikiwa na umri wao.

Dada wa Temeke

Mimi vyote viwili vilikuja kwa pamoja 2016, nilikua natibiwa TB sugu. Sindano ya kanamaisini kila siku, miezi na miezi. Mwezi wa nne wa sindano masikio yakaanza kuvuma, vuuu, alafu nikawa naona midomo ya watu inacheza ila maneno yanafika nusu. Na vidonge vingine vikanipa miguu ya kuchomachoma kama nimekalia mguu masaa mawili ndo nimenyanyuka. Nimepona TB, namshukuru Mungu na waliokuwa wananihudumia, niko hai na nalea wanangu. Lakini masikio hayakurudi. Nakaa nyuma ya msikiti, adhana ya alfajiri nilikua naisikia tangu utotoni, saivi naamka kwa simu naiweka chini ya mto itetemeke.

Kwa anayeanza dozi leo asiogope kwa kusoma hii ya kwangu, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 haiipendekezi tena kanamaisini, TB sugu siku hizi wanatibu kwa vidonge. Ila miguu ikianza kuchoma sema mapema, usisubiri ufike kwenye magoti.

Na jingine. Nilivyotoka nikawa najinunulia vidonge vya vitamini B famasi, viwili asubuhi viwili usiku, naamini vikiwa vingi ndo neva zinapona haraka. Daktari akaniuliza nani kakuambia. Kumbe B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu neva zile zile unazozitibu. Muwe makini jamani, famasi hakuna atakayekuzuia kununua.

Kijana wa Mbagala

Naandika kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 67, ana vyote mlivyosema. Sisi dawa yetu ilikua feni. Ile feni ya mezani ya zamani inayokwaruza, tulitaka kumbadilishia akakataa, anasema ule mkwaruzo ndo unaomfunika mlio akapata usingizi. Sasa umeme ukikatika usiku mnaweza kuelewa. Feni inazima, joto linapanda, chumba kinakua kimya na mlio unabaki peke yake na mama. Nilishamkuta amekaa uani saa tisa usiku, ameshika masikio. Akaniambia mwanangu afadhali wangekua wanapiga kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha. Mama yangu, ambaye vigodoro kavigombeza miaka yote.

Nilichofanya, siku ya mvua kubwa niliwasha simu nikarekodi mvua kwenye bati letu, saa nzima. Namwekea simu pembeni ya mto, sauti ndogo tu, chini kidogo ya ule mlio wenyewe, tuliambiwa isiufunike kabisa ili ubongo ujifunze kuuzoea. Amezoea mpaka akisafiri anauliza mvua yangu iko wapi.

Bi Shuwea

Mie napewa amitriptilini kidonge kidogo jioni kwa ajili ya moto wa miguu. Usingizi naupata. Mdomo unakauka na asubuhi nikiinuka haraka nayumba, kwa hiyo nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie. Sikio halijabadilika.

Nesi Mstaafu

Wanangu nimewasoma wote. Niongeze machache, hasa wa sukari mnisikilize.

Msimwage mafuta ya moto wala maji ya kitunguu saumu kwenye sikio linalouma. Nimeona watu wameunguza sikio zima. Mtu wa sukari sikio likimuuma sana kupita kiasi, hasa usiku, linatoa uchafu na matone hayasaidii, asikae nyumbani wiki ya pili. Kuna maambukizi yanatoka kwenye tundu la sikio yanaingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu, na uso ukianza kupinda ujue yamefika kwenye neva. Hiyo ni hospitali kubwa, siku hiyo hiyo.

Mkanda wa jeshi nao unatokea sikioni. Malengelenge kwenye sikio, maumivu makali, uso unalegea upande mmoja, mlio na kizunguzungu. Dawa za virusi zinafanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya siku tatu za mwanzo, kwa hiyo usipoteze siku hizo kwa kusema umelogwa au umepigwa upepo. Na ukiamka sikio moja halisikii kabisa, usisubiri lizibuke lenyewe, nenda.

Halafu sindano. Wa rika langu mnaikumbuka kwinini ya malaria, ukitundikiwa dripu masikio yanavuma lakini dozi ikiisha na mvumo mara nyingi unaisha. Jentamaisini ni nyingine kabisa. Hii mnachomwa sana mitaani kwa ajili ya UTI, tena bila kupima mkojo wala figo. Ni dawa nzuri mahali pake, ila inaweza kuua vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio na havioti tena. Kama tayari una mlio mwambie anayekuchoma kabla hajavuta dawa kwenye bomba.

Mama Cherehani, Tandika

Bibi asante sana, mafuta ya moto nilishawekewa na jirani mwaka wa kwanza, nashukuru Mungu yalikua yameshapoa.

Fundi, Dada wa Temeke, nyie hamjaanguka? Nauliza kwa sababu mimi nilianguka bafuni. Nimejipaka sabuni usoni, nimefumba macho, nikasikia dunia inaondoka nikajikuta chini na ndoo imenimwagikia. Nilielezwa kwamba mwili unasimama kwa vitu vitatu, macho, sikio la ndani na nyayo zinazohisi sakafu. Nyayo zangu hazisemi kitu, kwa hiyo nikifumba macho sikio linabaki peke yake. Sasa naoga nimekaa kwenye stuli, taa ya chooni haizimwi usiku, na maji ya kuoga napima kwa kiwiko. Na kila jioni binti yangu ananikagua nyayo na tochi ya simu, katikati ya vidole kote.

Dada wa Temeke

Mama nimeanguka mara mbili, zote gizani. Nilidhani ni mimi tu.

Mpita Njia, Gongo la Mboto

Samahani wakubwa zangu, nina miaka 34. Sukari sijawahi kupima. Vidole vya miguu vina ganzi tangu mwaka jana, na sikio la kulia linapiga du du du, nikishika mshipa wa mkono naona linaenda sawa sawa na mapigo ya moyo. Nimenunua dawa ya matone mara tatu.

Nesi Mstaafu

Mwanangu acha matone. Mlio unaoenda na mapigo ya moyo, tena upande mmoja, unatafutiwa chanzo chake. Kapime presha na sukari kesho, na uombe rufaa ya daktari wa masikio. Fanya ile karatasi ya Mama Cherehani, ganzi iandike juu kabisa.

Mpita Njia, Gongo la Mboto

Bibi, mama, nimerudi. Nimeenda leo. Karatasi ilijaa mbele na nyuma, daktari kaisoma yote nimekaa kimya. Akaweka kile kipimo cha kusikilizia moyo hapa nyuma ya sikio akasikiliza muda mrefu, kisha akaniambia vua viatu. Sijawahi kuambiwa nivue viatu kwa ajili ya sikio. Akanigusa vidole na kipamba nimefumba macho, niseme kila akigusa. Niliposema mbili akasema nimegusa mara saba. Sukari ilisoma 17, presha iko juu, na ameniandikia picha ya mishipa ya shingo na kichwa, ni Alhamisi. Mke wangu anakuja na mimi.