Plywood inatoka manyoya juu na kuungua pembeni, nitumie biti gani na spidi ipi?

fundi_shangani
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, kazi zangu ni makabati ya jikoni na milango ya kabati za nguo. Nina CNC ndogo ya mezani (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta), nakata plywood ya mm 18, ile inayoshuka kutoka Mafinga. Shida ni mbili. Uso wa juu unatoka manyoya, hasa nikikata kukatisha nyuzi, halafu pembeni panakuwa peusi mpaka karakana nzima inanuka moshi. Biti, yaani kisu kinachozunguka, ni ya msokoto mm 6, makali mawili, ile inayotoa taka kwa juu. Raundi nimeweka 24,000 kwa dakika, mwendo mm 1,000 kwa dakika maana naogopa kuvunja biti. Ajabu nikipunguza mwendo ndio panaungua zaidi, sasa sielewi, mi nilijua polepole ndio usafi. Kuna mteja wa Newala anataka milango yake kabla minada ya korosho haijaisha na msasa umeshanichosha mikono. Naomba kuwasilisha.

MbaoNaChuma
Mkuu hapo kinachokuumiza ni huo upole wako. Chukua raundi 24,000 zidisha makali mawili, kwa dakika moja mbao inapigwa mara 48,000, na wewe umetembea mm 1,000 tu, gawanya uone kila kali linakula nini: mm 0.02. Hiyo sio kukata ni kusugua, na ukisugua joto linabaki kwenye biti na kwenye mbao badala ya kuondoka na taka. Kwa biti ya mm 6 kwenye plywood kila kali lipate walau mm 0.1, mashine ikiwa imara unaweza kupanda hadi 0.15.

Kwahiyo shusha raundi mpaka 16,000 halafu mwendo weka 3,200, hesabu inakupa 0.1. Najua utasema mashine ndogo itatetemeka, na kweli nyingi zinatetemeka, basi usirudi kwenye 1,000, badilisha biti uweke ya kali moja. 16,000 mara moja mara 0.1 ni mm 1,600 kwa dakika, hiyo hata ya mezani inaweza. Na kila pasi, yaani kila mara biti inapopita kushuka kina, usizidi mm 3 hadi 4 mpaka uizoee.

Halafu acha kuangalia skrini, angalia taka. Ukiona unga laini unapaa hewani bado unasugua, ukiona vipande kama nazi iliyokunwa umefika.

Manyoya ya juu ni habari nyingine kabisa. Biti inayovuta taka juu inavuta na nyuzi za juu, ndio kazi yake, chini inaacha safi juu inachana. Ipo inayosukuma chini, hiyo uso wa juu unatoka kama umekatwa na wembe ila taka inashindiliwa kwenye mfereji na joto linapanda, lazima uwe na vakyumu ya kunyonya taka. Na ipo ya kompreshen, chini inavuta juu na juu inasukuma chini, pande zote mbili zinabanwa. Hiyo ndio ya plywood. Ila pasi ya kwanza lazima izame kupita ile sehemu inayovuta juu, pima kwa rula kabla hujaanza, ukikata kidogo kidogo utakuwa umenunua kompreshen ukaitumia kama hiyohiyo uliyonayo.

seremala_Lindi
Kaka zangu mnaongea kompreshen, huku kwetu kuipata mpaka uagize Dar, na hiyo mashine ya mezani inazamaje kupita hiyo sehemu inayovuta juu, tuseme mm 7, kwa pasi moja bila kulia? Njia ya kimaskini ni hii: chukua biti inayosukuma chini, pita mm 2 tu kuzunguka mchoro wote, uso wa juu umeshakatwa, halafu rudisha biti yako ya zamani umalizie kina kilichobaki. Kubadilisha biti inachosha, na lazima uweke sifuri ya kina upya, lakini bei yake ndogo. Kwa chini laza MDF chakavu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ubane kabisa, plywood isining'inie hewani.

Mi natumia ruta ya mkono, sina CNC. Nakata kwa jigsoo naacha mm 2 nje ya mstari, nabana templeti, namalizia kwa biti yenye beringi. Ukizunguka ubao kwa nje nenda kinyume cha mishale ya saa, ndani ya tundu nenda na saa, ukigeuza mashine inakukimbia mkononi na vidole sio vya kuazima. Mwisho wa ubao bana kipande cha mbao chakavu kipokee biti inapotoka, kona haitanyofoka.

dada_wa_randa
Nyongeza kidogo. Angalia biti yenyewe, gundi ya plywood inaua makali upesi, za chuma cha kawaida hazifiki mbali, tumia kabaidi, ile ngumu zaidi ya chuma. Ikiwa imeganda utomvu ioshe na mafuta ya taa na brashi kabla hujaitupa. Na koleti wakuu, ile pete inayobana shina la biti, biti ya robo inchi ni mm 6.35, usilazimishe koleti ya mm 6 wala usibane ya mm 6 kwenye koleti ya robo, itayumba tu hata ukipiga hesabu za profesa.

Na plywood ya kona za bahari hizi inakunywa unyevu, ukiisimamisha ukutani inapinda, kina kinakuwa tofauti huku na kule. Ilaze juu ya vipande vya mbao, isiguse sakafu.

fundi_shangani
Asanteni sana wakuu. Leo nimejaribu kali moja, 16,000 kwa 1,600, weusi umekata kabisa na taka ni vipande. Juu nimefuata ya fundi wa Lindi, safi. Kilichobaki pembeni kuna mistari midogo kila pasi inapoishia.

MbaoNaChuma
Hiyo ni biti kupinda kidogo. Kwenye programu acha nusu milimita pembeni kwenye pasi zote, halafu weka pasi ya mwisho moja ya kina kizima iende kunyoa hiyo nusu tu, biti yako iwe na makali marefu kuliko mm 18. Na vipande vidogo viachie vishikizo, yaani sehemu ndogo zisizokatwa zinazovishika kwenye ubao, visije vikaruka.

seremala_Lindi
Na vaa barakoa kaka, vumbi la hiyo gundi sio la kuchezea.