Shule ya kisasa isiyo na kuta: nalipa ada ili mwanangu akasikilize mwangwi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Mwanangu yuko darasa la pili, shule moja ya binafsi huku njia ya Goba. Muhula uliopita mwalimu wake akaniita: "Mama Brayani, mtoto mzito. Ukimwita haitiki, imla anaandika vya kwake. Kampime masikio." Nimempeleka, nimelipa. Masikio mazima! Daktari ndiye aliyeniuliza darasa lenyewe likoje.

Darasa liko wapi? Ni ukumbi mmoja, madarasa manne, katikati makabati ya vitabu yanayonifika kifuani. Wakati wa kuandikisha tuliambiwa ndio usasa. Marekani na Uingereza walizijenga sana hizi miaka ya 1960 na 1970, na shule nyingi zikaja kurudisha kuta kwa kelele hizihizi. Sisi tumeokota walichotupa, tukakipandishia ada.

Chini marumaru, ukutani rangi ya mafuta, upande mmoja vioo vitupu, juu jipsamu. Hakuna hata kitambaa cha kumeza sauti. Siku ya kikao nilipiga kofi moja ukumbi ukiwa mtupu, likazunguka kama niko ndani ya tenki la maji. Shirika la Afya Duniani linataka mwangwi wa darasani ufe ndani ya sekunde 0.6 hivi, na kelele za nyuma zisizidi desibeli 35. Nikaomba kukaa siku nzima. Huku wanaimba jedwali la tatu, kule a-e-i-o-u, mwalimu wetu anapaza sauti, wa jirani naye anapaza zaidi. Kufika saa nne koo limemkauka (simlaumu tena, maskini). Joto la Dar haliruhusu kufunga madirisha, kwa hiyo bodaboda wote wa barabarani nao wamo darasani. Mvua ikipiga bati, watoto wanaambiwa walaze vichwa kwenye meza, somo limeisha.

Nililalamika. Wakabandika trei za mayai ukutani! Trei za mayai, wakuu. Zinapunguza sauti nyembamba kidogo tu, na moto ukitokea zinawaka kama karatasi, maana ndizo karatasi.

Na dawa inajulikana tangu zamani. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao msemaji hasikiki vizuri kwa mwangwi. Akahamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anapima usiku jinsi mwangwi unavyofupika kadiri mito inavyoongezeka. Kwa hiyo anzeni na dari inayomeza sauti: ni eneo kubwa, na watoto hawaifikii kuichana. Ila msinidanganye kwamba hapo mmemaliza. Dari na mapazia vinaua mwangwi, havizuii kelele za darasa la jirani kuruka kabati. Hizo zinazuiwa na ukuta unaogusa dari. Ukiacha upenyo juu, ni kama hujajenga kitu.

Nimeyaandika yote haya kwenye grupu la wazazi. Meneja kajibu: "Tuwe wavumilivu, watoto watazoea." Wazoee nini, kutosikia?

Jana imetoka barua: muhula ujao kuna mchango wa ukarabati. Nikafurahi mpaka nilipofika mstari wa mwisho. Wananunua zulia. La ofisi ya mapokezi.