Ukoka katika matuta ya mchicha

Muulizaji: Ndugu zangu, matuta yangu ya mchicha huku Kigamboni yamevamiwa na ukoka, na kila ninapoulima kwa jembe unarudi mwingi zaidi. Niufanyeje?

Jibu: Jembe lenyewe ndilo linaloueneza, kwa kuwa kila kipande cha shina chenye pingili, kiwe cha juu au cha chini ya ardhi, huweza kuchipua upya. Ufukue kwa uma wa bustani, uokote vipande vyote, kisha uvianike juani mpaka vikauke kabisa.

Jibu: Hauvumilii kivuli, panda viazi vitamu viufunike.

Jibu: Wamarekani huuita nyasi ya Bermuda, ingawa asili yake si huko (jina la kuazima!), nao umekuwa gugu mashambani na zulia katika viwanja vya mpira.