Tupeane uzoefu: Kutunza na kujenga upya baraza za mbao kandokando ya Ziwa Victoria

Mkazi wa Luchelele

Ndugu zangu wa Mwanza na wote mnaoishi kando ya ziwa, salaam. Nyumba yetu ina baraza ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, nasi tumeamua kuibomoa na kuijenga upya, kwa sababu mbao za kukanyagia bado ni imara ilhali mihimili inayozibeba imeoza. Ushauri mwingi niliousoma uliandikwa kwa ajili ya nyumba za pwani ya bahari, ambako chumvi ndiyo adui wa kwanza. Ziwa letu ni la maji baridi, na naamini matatizo yetu yana chanzo kingine. Naomba kila mwenye baraza, ngazi au gati dogo la mbao aeleze ni nini kiliharibika na alitengeneza vipi.

Kwetu uozo ulianzia pale ubao unapolala juu ya mhimili. Mbao zilikuwa zimebanana bila nafasi, majani makavu na vumbi vikajaa kwenye viungo, na unyevu wa masika ukabaki humo hata jua lilipokuwa kali. Ukisukuma bisibisi mahali hapo inazama bila nguvu, lakini hatua chache pembeni mti ule ule ni mgumu kabisa.

Seremala wa Igombe

Shikamoo, mzee. Ulichokieleza ndicho ninachokikuta karibu kila baraza ninayoitwa kuikarabati. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji unyevu unaokaa, na kwa kawaida mti ukibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu hawastawi; kwa hiyo kazi yote ya fundi ni kuhakikisha maji yanapita na upepo unaingia. Mimi huacha nafasi ya milimita 5 hivi kati ya mbao zilizokwisha kukauka, na juu ya kila mhimili hulaza utepe wa lami kabla ya kupiga mbao, ili maji yanayopenya kwenye tundu la skrubu yasinywewe na mhimili.

Ncha za ubao hazipewi heshima inayostahili. Mti hunywa maji kupitia ncha iliyokatwa haraka kuliko kupitia ubavuni, hivyo kila ninapokata napaka dawa pale pale, kabla ubao haujafungwa. Hili ni muhimu zaidi kwa paini iliyotiwa dawa, kama ile inayotoka mashamba ya Sao Hill, kwa sababu mara nyingi dawa haifiki katikati ya mti, na msumeno unafungua sehemu isiyo na kinga. Ikiwa dawa hiyo ina shaba, misumari ya chuma kitupu italiwa upesi; tumia skrubu zilizopakwa zinki nzito au za chuma cha pua. Mabaki ya mbao hizo yasiwashwe jikoni, kwa kuwa baadhi ya dawa zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Mwenye uwezo achague mninga au mkongo, miti inayostahimili uozo na mchwa na isiyopinda ovyo. Toboa kwanza kwa keekee, la sivyo ubao utapasuka karibu na ncha. Nguzo nazo zisizikwe udongoni. Hapa Mwanza tumejaliwa mawe: toboa jiwe, simika nondo kwa gundi ya epoksi, kisha ukalishe nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichoinuka, ili mchwa akipanda aonekane na mti usisimame kwenye dimbwi.

Mama wa Tanga, sasa Bwiru

Nimeishi pande zote mbili, na tofauti ni kubwa. Kule Tanga zinki iliyokaa mahali panaporukiwa na mawimbi haidumu. Tulilazimika kutumia chuma cha pua cha daraja la 316, kwa kuwa hata cha 304 hupata vishimo vya kutu kutokana na chumvi, na tulisuuza baraza kwa maji baridi mara kwa mara. Nguzo zilizozama zilitobolewa na kiumbe wa jamii ya chaza mwenye mwili mrefu kama mnyoo, ambaye ndiye aliyewafanya wenye vyombo vya mbao wawe na desturi ya kuvipandisha nchi kavu na kuvitia dawa upande wa chini. Ziwani hayupo. Kwa hiyo hapa Bwiru sikuona sababu ya kulipia 316, na fedha hiyo niliielekeza kwenye mbao bora.

Mkazi wa Kayenze

Naongeza jambo moja ambalo kwangu linatangulia mengine yote. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaifikia rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Ngazi yetu ya chini ilikaa majini kwa muda mrefu, na magugu maji yakaisukuma hadi viungo vikalegea. Sasa sehemu ya chini tumeifunga kwa boliti, ili iweze kufunguliwa na kuondolewa maji yanapopanda. Pia, kabla hujanunua hata ubao mmoja, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nenda ofisi ya halmashauri ukaulize kuhusu kiwanja chako.

Mkazi wa Luchelele

Asanteni sana. Kuna jirani anayenishauri nipake oili chafu ya magari kwenye mihimili ili kufukuza mchwa. Mnasemaje?

Seremala wa Igombe

Usipake, mzee. Mvua ya kwanza itaanza kuiosha na kuipeleka ziwani, na maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa humo humo, kama pale Capri Point. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa sehemu za juu, kabla ya vuli na tena kabla ya masika, mti ukiwa mkavu kabisa. Vanishi usiitumie, kwa sababu jua huipasua, maji yakaingia chini yake, na utalazimika kuikwangua yote. Kwa mchwa, kagua viatu vya nguzo kila mwezi na uvunje kila njia ya udongo utakayoiona.

Mama wa Tanga, sasa Bwiru

Matambara uliyopakia mafuta hayo yatandaze nje yakauke, usiyarundike stoo, maana huweza kuwaka yenyewe.