Ushauri: Timu yetu ya mtaa inavuja mabao, wanachama wanataka kocha aondoke Jumapili

Katibu_Mtaa:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wale wa utani wa Simba na Yanga leo mnivumilie kidogo.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaa, tunacheza ligi ya wilaya. Msimu uliopita tulikuwa na mabeki wanne, mpira wa kawaida, butua mbele tukimbize. Haukuwa mtamu kuutazama ila pointi zilikuwa zinapatikana. Kocha yule akahamia mkoa mwingine kikazi, timu tukamkabidhi kijana aliyekuwa nahodha wetu zamani. Hatumlipi zaidi ya nauli. Sasa huyu kijana ni Manchester United damu, na kaja na mabeki watatu kama wa Ruben Amorim alipokuwa kocha wa United. Tangu ligi ianze hatujatoka uwanjani bila kufungwa.

Mabao yenyewe ni mapacha. Chukua la mechi iliyopita: wingbeki wetu wa kulia, yule wa pembeni anayepanda kushambulia na kurudi kukaba, kapanda mpaka karibu na kibendera cha kona, krosi ikadakwa, kipa wao akautupa mpira kwa mkono upande uleule tulioacha wazi. Beki wetu wa kulia katoka kumfuata winga. Beki wa katikati akasita, aende, abaki, mwisho akanyoosha mkono kudai ameotea. Mshika kibendera hata hakutikisika. Straika wao akampiga kipa chenga, akausindikiza mpira wavuni anatembea.

Jumapili kuna mkutano wa wanachama. Wengi wanataka kocha aondoke. Mimi roho inasita. Nishaurini.

Mkoloni wa Kijiweni:
Fukuza. Ushauri umeisha.

Mnyama Original:
Mkuu hapo juu, sisi Simba tulishapita njia hiyo. Novemba 2023 tulipigwa tano moja na wale jamaa wa Yanga, siku chache tu baadaye kocha wetu Robertinho hayupo. Akaja Benchikha, kocha mwenye jina kubwa Afrika. Aprili naye kaondoka, timu akabaki nayo Mgunda. Ligi tukamaliza wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Tulibadilisha mtu wa kwenye benchi, mapengo ya uwanjani tukayaacha palepale. Ukimfukuza huyo kijana kesho, wingbeki wako bado atapanda na hatarudi.

Jangwani Mpaka Kieleweke:
Ile tano moja naikumbuka vizuri sana. Wafungaji wetu Musonda, Nzengeli mbili, Aziz Ki, Pacome. Naomba tuendelee na mada.

Mnyama Original:
Nilijua tu utakuja.

Kiungo Mkabaji:
Katibu, swali moja kabla ya kumhukumu mtu. Wingbeki akipanda na mpira ukapotea, nani anaziba nyuma yake? Usinijibu kwa jina la mfumo, nijibu kwa jina la mchezaji na namba yake.

Katibu_Mtaa:
Hapo ndipo pagumu. Nimewauliza wachezaji wenyewe. Beki wa kulia anasema ni kazi ya kiungo, kiungo anasema ni ya beki. Kocha anasema inategemea.

Kiungo Mkabaji:
Basi umeshajua ugonjwa. Mabeki watatu si kosa. Antonio Conte alikuwa kocha wa Chelsea mwaka 2016, akapigwa tatu bila na Arsenal, akahamia mabeki watatu na kushinda mechi 13 za ligi mfululizo, akachukua ubingwa kwa pointi 93. Ila angalia alikuwa na nani. Katikati Kanté na Matić, watu wa kukimbia na kuziba. Pembeni Moses na Alonso, wanapanda na kurudi dakika zote. Halafu msimu ule Chelsea hawakuwa na mechi za Ulaya, kwa hiyo alikuwa na wiki nzima ya kuwafundisha nani aende wapi mpira ukipotea.

Amorim kaingia United Novemba 2024, msimu uko katikati, mechi kila baada ya siku chache. Viungo wawili kwenye eneo la watatu, na hakuna kati yao mwenye mbio za Kanté. Wakapitwa hapo kila wiki. Msimu wa 2024/25 wakamaliza wa 15 na pointi 42, wamefungwa mabao 54 kwenye ligi. Na huyu si kocha mbovu, Sporting aliipa ubingwa wa Ureno mara mbili kwa mfumo huohuo. Kilichokosekana ni miguu inayofaa na muda wa kuifundisha.

Sasa nyie mnafanya mazoezi mara ngapi?

Katibu_Mtaa:
Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kiwanja cha shule ya msingi mpaka giza liingie. Na huyo wingbeki wa kulia ni dereva wa bodaboda, anafika akiwa amechoka, siku nyingine hafiki kabisa maana jioni ndiyo saa ya abiria.

Mpwani_001:
Haya ndiyo maneno. Mimi niko Mombasa, ligi zetu za mtaani ni vile vile. Unamwambia kijana aliyeshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri akimbie upande mzima dakika tisini, kupanda na kushuka! Hata kwa mshahara wa Old Trafford hawezi. Mrudisheni awe beki wa pembeni wa kawaida, avuke nusu ya uwanja mara chache. Na wekeni mwenziwe wa kumpokea dakika ya sitini, asiwe anabaki uwanjani kwa heshima tu.

Red Devil TZ:
Mnamwonea kocha wa watu na mnamwonea Amorim. United walifika fainali ya Europa 2025 pale Bilbao kwa mfumo huohuo.

Mkoloni wa Kijiweni:
Na wakafungwa na Tottenham iliyomaliza ligi nafasi ya 17. Endelea kaka, tunakusikiliza.

Red Devil TZ:
Moja bila tu.

Mama Goli:
Wanangu, punguzeni kelele kidogo. Mimi nimecheza beki wa kati miaka mingi na sasa nafundisha timu ya wasichana. Katibu, nakupa vitu vya kufanya Jumanne hii hii, usisubiri mkutano.

Mtego wa kuotea uacheni kabisa. Ngazi ya wilaya hakuna VAR, ile video ya kumsaidia refa, na mshika kibendera mara nyingi anakuwa nyuma ya mchezo. Beki anayenyoosha mkono ameshaacha kukimbia. Mwambie kocha, atakayeinua mkono kabla ya filimbi anatoka nje.

Mabeki warudi wanne. Huyo wa katikati asiyejua aende au abaki apewe sheria moja: mwenzake akitoka, yeye anabaki nyuma yake, hatua tano sita, mpira upande wowote ule. Mfanyie mazoezi bila mpira kwanza. Kocha anatembea na mpira mkononi kutoka kulia kwenda kushoto, mabeki wote wanne wanasogea naye kama wamefungwa kamba moja kiunoni. Watacheka mwanzoni. Rudieni mpaka waache kucheka.

Mpira ukipotea juu, kiungo mmoja, mmoja tu mwenye jina, hapandi. Hata tukipata kona, yeye yuko nusu ya uwanja.

Kona mnafungwa pia?

Katibu_Mtaa:
Shikamoo Mama Goli, na asante sana. Ndiyo, kona tunafungwa. Nilikuwa sijasema kwa sababu ni aibu.

Mama Goli:
Marahaba. Mnakaba mtu kwa mtu au eneo?

Katibu_Mtaa:
Nadhani hatukabi.

Mama Goli:
Haya. Watu watatu wenye kichwa kizuri wasimame ndani ya boksi dogo, mmoja nguzo ya karibu, wawili mbele ya kipa. Hao hawamfuati mtu, wanafuata mpira. Wengine wanne kila mmoja anamshika mtu wake kabla kona haijapigwa, na anamwangalia mtu, si mpira. Halafu kipa apige kelele. Kipa akisema "wangu", wote wanampisha. Kipa wenu anatoka langoni?

Katibu_Mtaa:
Hatoki.

Kiungo Mkabaji:
Kwa nini msimbadilishe? Mnaye wa akiba?

Katibu_Mtaa:
Tunaye, na ni mzuri, mazoezini anatoka na kudaka kwa mikono miwili. Ila huyu wa kwanza ni mpwa wa mwenyekiti. Na jezi kanunua mwenyekiti.

Mkoloni wa Kijiweni:
😂😂😂 Kumbe! Huko juu kote mnamjadili Amorim.

Mnyama Original:
Katibu, na anayeongoza hoja ya kumfukuza kocha ni nani? Usituambie.

Katibu_Mtaa:
Ni yeye.

Mpwani_001:
Ndugu yangu, hapo usiende na hoja ya kipa mbele ya mkutano, utamwaibisha mzee na jezi zitarudi dukani. Mfuate nyumbani kwake kabla ya Jumapili, uende na mtu mzima anayemheshimu. Umwambie kipa wa pili apewe mechi mbili tu, mpwa wake apumzike, bega linamsumbua. Bega lolote husumbua likitafutiwa sababu.

Mama Goli:
Nakubaliana na wa Mombasa. Na kocha mwambie ukweli mkiwa wawili, usimsubirishe mkutanoni. Kijana anayefundisha kwa nauli anastahili kuambiwa uso kwa uso kwamba mabeki watatu basi kwa msimu huu. Akikataa, hapo ndipo mjadili kuondoka kwake.

Katibu_Mtaa:
Nimempigia kocha sasa hivi. Kagoma kidogo, kisha kauliza hiyo ya kutembea na mpira mkononi inafanywaje. Mama Goli naomba uniandikie vizuri nimtumie. Kwa mwenyekiti naenda kesho baada ya swala ya magharibi, nimeshamwomba imamu anisindikize.