Samaki wa dhahabu mzee anaelea ubavu: nimsaidieje katika joto hili la Dar?

Mkazi wa Tabata:
Habari zenu, wafugaji wenzangu. Ninaye samaki wa dhahabu wa aina ile yenye mwili wa mviringo na mkia uliogawanyika, ambaye tulimpata akiwa mdogo mno, na sasa anakaribia mwaka wa kumi. Kwa wiki kadhaa amekuwa akielea juu ya maji akiwa amelala ubavu, na akijitahidi kushuka hufika katikati ya tangi kisha huibuka tena bila kupenda. Anakula vizuri, na mtu akikaribia kioo humfuata, ndiyo maana nimeshindwa kuupokea ushauri wa muuzaji mmoja aliyeniambia nimtupe ninunue mwingine. Tangi lake ni la lita 80 na chujio linafanya kazi, ila umeme ukikatika pampu ya hewa nayo husimama. Ubavu unaobaki nje ya maji umeanza kuwa mwekundu. Je, huu ni uzee tu, au ni ugonjwa unaotibika? Na je, viuavijasumu vya binadamu vinavyouzwa katika maduka ya dawa vinaweza kumfaa?

Mfugaji wa Mbezi:
Pole sana, dada. Mwaka wa kumi ni umri mkubwa, lakini samaki wa dhahabu anayetunzwa vizuri huweza kufika miaka 15 na hata kuvuka 20, kwa hiyo usikubali haraka kwamba wakati wake umekwisha. Viuavijasumu viache kabisa kwa sasa, kwa sababu hujui unatibu nini, na ukivimwaga ndani ya tangi unaweza kuua bakteria wema wanaoishi katika chujio, ambao hugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali. Bakteria hao wakifa, samaki mgonjwa atakuwa anaoga katika sumu.

Anza na maji. Amonia na nitriti zinatakiwa zisomeke sifuri, na vifaa vya kupimia huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Kisha pima joto mchana, si asubuhi. Samaki huyu asili yake ni maji ya baridi ya Uchina, naye hustarehe kati ya digrii 18 na 23, ilhali tangi la sebuleni hapa Dar kati ya Desemba na Machi hupanda hadi 30. Maji ya digrii 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini ya digrii 30 hubeba kama 7.5 tu, na wakati huohuo joto linaufanya mwili wake udai oksijeni zaidi. Ndiyo maana pampu kusimama umeme ukikatika ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani; tafuta pampu ndogo ya betri uiweke karibu.

Mstaafu wa Kigamboni:
Mwanangu, aliyetangulia amesema kweli kuhusu maji, nami niongeze kuhusu mwili wenyewe. Samaki wa dhahabu ana kibofu cha hewa chenye vyumba viwili, kilichounganishwa na umio kwa mrija mwembamba. Hizi aina za mviringo zilifupishwa mwili na wafugaji kwa vizazi vingi ili zipendeze, na matumbo yakabanwa kando ya kibofu hicho, hivyo tumbo likijaa gesi au choo kikigoma, samaki hupoteza mizani. Katika uzee huongezeka sababu nyingine, kama vile figo kuvimba au uvimbe kukua ndani, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Eksirei ndiyo huonyesha kibofu kilivyokaa. Muulize daktari wa mifugo, hata kama wengi wao wamezoea ng'ombe na mbwa.

Mfungishe siku mbili, kisha mpe njegere iliyochemshwa, ikamenywa na kupondwa. Chakula cha punje zinazoelea kiache, maana akikidokoa juu humeza hewa. Chagua kinachozama na ukiloweke kwanza. Chumvi ya haluli (magnesiamu salfeti), robo kijiko cha chai kwa lita 20, husaidia kulainisha choo. Ila usiichanganye na chumvi ya mezani, kwani hizo ni dawa mbili tofauti.

Mkazi wa Tabata:
Nashukuru sana, mzee wangu, na kaka wa Mbezi pia. Nimepima: amonia ni miligramu 1 kwa lita, na joto la saa tisa mchana ni digrii 30. Nibadilishe maji yote mara moja? Na nikiona hapati nafuu, nitajuaje kwamba anateseka?

Mfugaji wa Mbezi:
Usibadilishe yote. Toa robo leo na robo nyingine kesho, kwa maji ya bomba uliyoyaacha wazi kwenye ndoo kwa saa 24 ili klorini iondoke. Feni ikipuliza juu ya maji itashusha digrii moja au mbili taratibu, na hilo ni salama kuliko kutumbukiza barafu. Kwa ule wekundu, hakikisha ubavu hauguswi na hewa kavu: punguza kina cha maji katika kitenga kidogo ndani ya tangi, afike chini bila kupigana, na umlishe kwa mkono.

Samaki anayeelea lakini anakula, anaitika na hajavimba anaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu, nami ningemtunza bila kusita. Dalili za kukata shauri la kumwondolea mateso kwa kumuua ni akikataa chakula kwa siku nyingi, magamba yakisimama mwili mzima, au akihema kwa shida katika maji ambayo umehakikisha ni safi. Hapo mafuta ya karafuu humlaza bila maumivu: tikisa mafuta kidogo katika chupa ya maji ya uvuguvugu hadi yachanganyike, mimina polepole katika chombo chake hadi alale, kisha ongeza ifike takriban mililita 0.4 kwa kila lita, na umwache humo walau nusu saa baada ya mashavu kuacha kusogea. Lakini kwa vipimo ulivyovileta, tatizo la kwanza ni amonia, nayo inaondoka. Pima tena kesho jioni baada ya robo ya pili, utuandikie ilivyosoma.