Wafungwa waliopelekwa Australia: waliishi gerezani au mashambani?

Mwalimu wa Historia (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Wiki iliyopita tulikuwa tukizungumza darasani kuhusu wafungwa wapatao 162,000 ambao Uingereza iliwasafirisha kwenda Australia kati ya 1788 na 1868. Mwanafunzi mmoja akauliza gereza la kuwatosha watu wote hao lilikuwa wapi, maana meli 11 za kwanza zilizofika Sydney Januari 1788 zilikuta nchi ya wenyeji wa kabila la Gadigal, isiyo na jela hata moja. Sikuwa na jibu. Tena nimesoma kwamba Port Arthur, katika kisiwa kiitwacho leo Tasmania, palikuwa pa kutisha, ilhali Mary Reibey, aliyefikishwa Sydney mwaka 1792 kwa kosa la kuiba farasi, alikuja kuwa mfanyabiashara tajiri. Mambo haya mawili yanapatanaje?

Mpenda Kumbukumbu

Mwalimu, heshima kwako. Wengi wao, baada ya kushuka melini, hawakulala tena katika seli. Serikali ya koloni ilihitaji nguvu kazi na haikutaka kulisha maelfu ya watu kutoka ghalani mwake, kwa hiyo ikawagawa kwa walowezi: mwenye shamba alipeleka maombi, akapewa mchunga kondoo, seremala au mpishi, na kuanzia hapo posho, mavazi na malazi ya mfungwa yakawa juu yake. Mfungwa alifanya kazi bila mshahara, akilala kibandani pembeni mwa shamba, na kutoroka kulimaanisha kuingia msituni asikokujua.

Bwana hakuruhusiwa kumchapa kwa mkono wake mwenyewe; alipaswa kumfikisha kwa hakimu. Lakini hakimu wa mashambani mara nyingi alikuwa mlowezi mwenzake, pengine jirani wa mpaka mmoja, nasi tunajua kesi ya nyani ikipelekwa kwa ngedere huishaje. Jibu la ukali au ulevi wa Jumapili viliweza kumpatia mtu viboko 25 au 50 vya mjeledi wa mikia tisa, kisha akarudi kwa bwana yuleyule, mgongo ukiwa haujapona. Aliyepata bwana mwema alikula akashiba, na aliyepata katili alijuta kuzaliwa, ingawa wote wawili huenda walihukumiwa miaka 7 kwa kosa la aina moja.

Mimi binafsi huvutiwa zaidi na madaftari. Katika kisiwa cha Tasmania, kilichoitwa wakati huo Van Diemen's Land, chini ya gavana George Arthur (1824–1836), kila mfungwa aliandikiwa urefu wake, rangi ya macho, makovu, hata michoro iliyochanjwa mkononi, kama nanga au herufi za jina la mpenzi, na chini yake kila kosa na kila adhabu. Mtoro alitangazwa kwa alama hizo.

Mtafiti wa Magereza

Naomba kuongeza kuhusu Port Arthur, kwa sababu ndiyo inayopotosha picha. Ilianza 1830 kama kambi ya kukata mbao, na kuanzia 1833 ikawa mahali pa kuwapeleka wale waliofanya makosa mapya wakiwa tayari ndani ya koloni. Kwa maneno mengine, ilikuwa jela ya watu ambao tayari ni wafungwa. Walifanya kazi kwa makundi chini ya nyapara, ambaye mara nyingi alikuwa mfungwa mwenzao. Wenye makosa mazito walifungwa minyororo miguuni na kuvishwa nguo za nusu njano, nusu nyeusi. Rasi yenye Port Arthur imeungana na nchi kavu nyingine kwa ukanda wa ardhi uitwao Eaglehawk Neck, wenye upana usiofika mita 100, na hapo askari walifunga mbwa wakali kwa mstari kutoka ufuko hadi ufuko, taa zikiwaka usiku kucha.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 lilijengwa gereza la upweke, ambamo mtu alikaa seli ya peke yake saa 23 kwa siku, akaitwa kwa namba, na alipotolewa alifunikwa uso ili wenzake wasimtambue. Hata kanisani kila mmoja alisimama ndani ya kijisanduku chake, akimwona mhubiri tu. Waliolibuni waliamini kwamba kimya kingemrekebisha mtu kuliko mjeledi. Mimi siamini hivyo, na baadaye jengo la wagonjwa wa akili lilijengwa jirani yake kabisa.

Mwalimu wa Historia

Ahsanteni sana. Wanafunzi wangu wana miaka 14 na 15. Je, watoto wa umri huo nao walipelekwa huko?

Mtafiti wa Magereza

Walipelekwa, Mwalimu, hata wadogo kuliko hao. Ng'ambo ya ghuba ya Port Arthur kulikuwa na Point Puer, jela ya wavulana iliyodumu 1834 hadi 1849, na wa umri mdogo kabisa alikuwa na miaka 9. Walifundishwa useremala, ushonaji viatu na uchongaji mawe. Sehemu ya mawe ya nakshi ya kanisa la Port Arthur ilichongwa na mikono yao.

Mpenda Kumbukumbu

Nirudi kwa Mary Reibey, maana swali la Mwalimu juu yake halijajibiwa. Alifika akiwa na miaka 15, akapangiwa kulea watoto katika nyumba ya afisa mkubwa wa jeshi, na mwaka 1794 akaolewa na mtu huru mwenye kuijua biashara ya baharini. Mume alipofariki 1811 alimwachia watoto saba pamoja na biashara, naye akaiendesha kwa ustadi mkubwa. Wanawake waliokosa bahati ya namna hiyo huko Hobart, mji mkuu wa Tasmania, waliishia Cascades, jela iliyofunguliwa 1828, wakifua na kushona kutwa, na aliyejifungua humo alitenganishwa na mtoto baada ya kumwachisha ziwa. Reibey alikuwa ameshatangulia kufika kwa miaka 36, tena mji mwingine, kwa hiyo nisingemtumia darasani kama kielelezo cha mfungwa wa kawaida.